Ugonjwa wa kiwele unaporudia chuchu ile ile

Masika yakianza na mabanda ya ng'ombe ya Goba na Kibamba, hapa Dar, yakageuka tope, simu zinazonifikia zina lalamiko moja: "Mtaalamu, nimetia tyubu ya dawa chuchuni siku tatu, maziwa yakasafika. Wiki mbili tu, mabonge yamerudi. Nimeuziwa dawa feki?"

Huenda. Ila mimi humuuliza kwanza mpigaji: ni chuchu ile ile? Kama ndiyo, mara nyingi mwenye kosa si muuza dawa.

Bakteria mmoja anayeleta ugonjwa huu, aitwaye stafilokokasi orea, ana ndugu zake goigoi. Wanakua polepole mno, na hujificha ndani ya seli za kiwele. Penisilini humuua bakteria akiwa anajenga ukuta wake. Aliyesimamisha ujenzi haimpati vizuri. Jentamaisini, dawa nyingine ya bakteria, nayo huvutwa ndani ya bakteria kwa chaji ya umeme iliyo kwenye utando wake, na hawa chaji yao ni hafifu. Tiba ikiisha, baadhi yao huamka na kurudia kasi ya zamani.

Maabara nako wanaponyoka. Wa kawaida huota kwenye sahani ya kuoteshea bakteria ndani ya saa 24. Hawa huhitaji siku 2 au 3, tena vidoa vyao ni kama ncha ya sindano. Kwa hiyo ukipeleka maziwa maabara ya mifugo Temeke, sema wazi kwamba ng'ombe amerudia, sahani isitupwe mapema. Kamua sampuli kabla ya dawa yoyote: futa ncha ya chuchu kwa pamba yenye spiriti, mwaga mikamuo ya kwanza, jaza chupa iliyochemshwa, iweke kwenye barafu. Joto la Dar halisubiri daladala.

Bandani, ng'ombe huyo mgonjwa akamuliwe wa mwisho. Kitambaa kimoja kwa ng'ombe wote ndicho ninachogombana nacho kila siku. Kila mmoja awe na chake. Ukimaliza kukamua, chovya chuchu kwenye dawa ya ayodini, kisha mpe majani asimame kama nusu saa, maana tundu la chuchu bado liko wazi. Akikaribia kukaushwa, yaani kuachwa kukamuliwa, miezi miwili kabla ya kuzaa, daktari amtie tyubu za kukaushia: zinakaa muda mrefu kiweleni kuliko za siku tatu.

Akirudia baada ya hapo, mtoe. Subiri siku za dawa zilizoandikwa kwenye lebo ziishe, umpeleke machinjioni Vingunguti, si kwa jirani anayetafuta ng'ombe wa maziwa.