Mbwa wa Getini Naye Achanjwe

Nyumba nyingi za Goba, Mbezi, Chanika na Kigamboni hapa Dar es Salaam zina mbwa anayefungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku. Tukipita kuhimiza chanjo ya kichaa cha mbwa, tunajibiwa: "Huyu wetu hatoki." Anatoka. Geti likifunguliwa gari liingie, anachomoka. Jike akiwa kwenye joto, madume wa mtaa mzima wanamfuata hadi ndani. Na akishaambukizwa, wa kwanza kung'atwa ni mlinzi anayempelekea ugali na dagaa, au mtoto aliyezoea kumshikashika masikio.

Mbwa achanjwe akifikisha miezi mitatu, arudiwe baada ya mwaka mmoja, kisha kila mwaka. Paka vilevile. Zoezi la mtaa likikuta watoto wa mbwa au paka wadogo kuliko hapo, wapeleke hivyohivyo na umwambie mtaalamu umri wao ili akupangie marudio. Chanjo haitawadhuru, bali ukiwaacha nyumbani huenda wakamaliza mwaka mzima bila kinga. Hao ndio wanaosahaulika kila mara, kwa sababu mwenye nyumba anamhesabu mama yao tu. Ili ugonjwa ukose njia, asilimia 70 ya mbwa wa eneo wanatakiwa wawe wamechanjwa, na mbwa wetu wanazaliana na kufa haraka mno kiasi kwamba chanjo ya mwaka juzi haitoshi.

Siku ya chanjo mfunge kwa mnyororo au kamba imara, na aletwe na mtu mzima anayemzoea. Usimtume mtoto. Hakikisha dawa inatolewa kwenye kikasha chenye barafu, kwani huhifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Kichupa kilichokaa juani kwenye gari kikatae bila aibu. Kisha dai kadi yenye tarehe, jina la chanjo, namba ya toleo, sahihi na muhuri. Kadi hiyo utaulizwa mbwa akiuma mtu, na utaombwa ukitaka kumsafirisha. Usipopata tangazo la mtaa, muone afisa mifugo wa kata yako.

Wafuga ng'ombe wa maziwa nao wasikilize. Ng'ombe aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa huambukizwa. Hulia kwa sauti ya ajabu mfululizo, hutokwa na ute mwingi mdomoni, hushindwa kumeza. Wengi hudhani amekwamwa na embe au kiazi, wanakunja mkono wa shati na kuuingiza kooni mwake. Tafadhali usifanye hivyo! Virusi vimo ndani ya mate hayo, na mchubuko mdogo wa kidole unatosha kuvipitisha. Mtenge, maziwa yake yasinywewe, mwite mtaalamu. Ugonjwa huu ukiushuku ni lazima utoe taarifa. Si jambo la kumalizana kimyakimya na mchinjaji.

Mtu aking'atwa, au akikwaruzwa hata bila damu kutoka, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala majani. Baada ya hapo aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mbwa ana kadi. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, lakini sindano zikianza mapema na kukamilishwa, mtu anaokoka. Dozi asiziruke kwa kuwa kidonda kimekauka.

Mbwa aliyeuma, kama anaweza kufungiwa bila kuhatarisha mtu, asiuawe. Akae chini ya uangalizi wa mtaalamu wa mifugo siku 10. Akiwa mzima baada ya hapo, hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyouma, na daktari wa aliyeumwa aelezwe. Ila sindano za aliyeumwa zisingoje siku hizo 10 ziishe.