Ufa wa Mfupa wa Kisigino: Namna ya Kuutambua na Kuuguza Hadi Upone

Wapo wengi wanaofika hospitali na ufa wa kisigino wakiwa wamekwisha kujitibu kwa wiki kadhaa tiba ya ugonjwa mwingine. Wamechuliwa kwa mafuta ya moto, wamezungusha chupa ya maji baridi chini ya unyayo, wamenyoosha msuli wa shavu la mguu asubuhi na jioni, na wamemeza diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, ili waweze kuendelea na mazoezi. Baadhi ya hatua hizo humfaa mtu mwenye maumivu ya utando wa unyayo, ambao ndio ugonjwa wa kisigino unaoonekana mara nyingi zaidi. Mfupa wenye ufa, hata hivyo, unahitaji kupunguziwa mzigo, na kila siku inayopotea katika kuuchua na kuukanyaga huurefusha muda wa kupona. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mgonjwa ni kutofautisha magonjwa haya mawili.

Kisigino kina mfupa mkubwa kuliko mingine yote ya wayo, lakini ganda lake la nje ni jembamba, na ndani mna vijiti vidogo vingi vya mfupa vilivyosukwa kama sifongo. Mtu anapokimbia, kila hatua huleta kishindo kinachofikia mara mbili au tatu ya uzito wa mwili wake. Vishindo hivyo huacha michubuko midogo sana ndani ya mfupa, nao mwili huitengeneza kwa kuondoa kwanza sehemu iliyochoka na kujenga mpya baadaye. Ubomoaji hutangulia, na ujenzi huchukua wiki nyingi kuufikia. Mzigo ukiongezwa ghafla katika kipindi hicho, mfupa huendelea kupigwa wakati uko dhaifu kuliko ulivyoanza, hata ufa utokee. Ndiyo maana maumivu haya mara nyingi hayaanzi siku ya kwanza ya mazoezi mapya, bali wiki kadhaa baadaye, wakati mtu anadhani mwili umekwisha kuzoea.

Askari ndio waliowafundisha madaktari jambo hili. Mwaka 1855 Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia, dola ya zamani ya Kijerumani, aliandika juu ya uvimbe na maumivu ya miguu ya askari waliotembea masafa marefu, na baada ya eksirei kugunduliwa mwaka 1895 ikadhihirika kwamba maumivu ya namna hiyo hutokana na nyufa za mifupa. Leo hii kuruta bado wamo hatarini, pamoja na mtu aliyekuwa akikimbia kilomita 5 Jumamosi na klabu yake ya jogging, kisha akaamua kwa mwezi mmoja kujiandaa kwa nusu marathoni ya kilomita 21 kule Moshi. Yumo pia hujaji ambaye hakuzoea kutembea, akajikuta kwa siku nyingi mfululizo juu ya sakafu ya marumaru, ambako sai peke yake, mizunguko 7 kati ya Safaa na Marwa, ni mwendo wa takribani kilomita 3. Mfupa wenyewe ukiwa umepungua nguvu, hata mzigo wa kawaida hutosha kuupasua. Hali hiyo huwapata wanawake waliokoma hedhi, waliotumia kwa muda mrefu dawa za steroidi, ambazo hutuliza uvimbe mwilini, wavutaji wa sigara, wenye upungufu wa vitamini D, na wanariadha wanaokula kidogo kuliko wanavyotumia. Msichana mkimbiaji aliyekosa hedhi miezi 3 mfululizo asifurahi kwamba amepata wepesi. Mwili wake unamwambia kwamba chakula hakitoshi na mifupa inadhoofika.

Ili kuutambua ufa, jiulize kwanza maumivu yanakuja saa ngapi. Maumivu ya utando wa unyayo huwa makali katika hatua za kwanza baada ya kuamka, kisha hupungua mtu anapotembeatembea, na mahali panapouma zaidi ukipabonyeza ni chini ya kisigino, kuelekea upande wa ndani. Ufa hufuata mkondo mwingine: maumivu huongezeka kadiri unavyotembea au kusimama, hupungua ukipumzika, na siku zinavyokwenda huanza mapema zaidi, hadi yakusumbue hata ukiwa umelala. Wakati mwingine pande za kisigino huvimba kidogo au kuwa na joto. Kisha fanya jaribio hili: kaa kitini, weka kiganja kimoja upande wa ndani wa kisigino na kingine upande wa nje, ukibane taratibu kama mtu anayebana chungwa, halafu ubane na kisigino cha mguu mzima ili ulinganishe. Kubana pande hizo mbili kukileta maumivu makali katika mguu mmoja tu, chukulia kwamba ni ufa mpaka daktari athibitishe vinginevyo, na uache kukimbia siku hiyo hiyo.

Naomba msomaji azingatie sana suala la eksirei, kwa kuwa hapa ndipo wengi hupotezwa. Katika wiki 2 au 3 za mwanzo, picha ya eksirei inaweza kuonekana safi kabisa ingawa ufa upo. Mstari mweupe unaoonyesha mfupa unajiunga hujitokeza baadaye. Picha safi, basi, si ruhusa ya kurudi mazoezini. Inawezekana pia picha ikaonyesha mfupa ulioota chini ya kisigino, na mgonjwa akaambiwa kwamba hicho ndicho kiini cha maumivu, ilhali watu wengi wana mfupa wa namna hiyo na hawaumwi chochote. Kipimo cha MRI, kinachopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, huonyesha ufa mapema, lakini gharama yake ni kubwa na hakipatikani kila mahali. Mtu asiyekimudu hapotezi kitu akiuguza mguu kana kwamba ufa umethibitishwa, kisha akarudia eksirei baada ya wiki 3.

Yapo maumivu ya kisigino yasiyofaa kusubiriwa nyumbani. Aliyeanguka kutoka juu ya mnazi, mwembe au jengo na kutua kwa miguu apelekwe hospitali mara moja, kwani huenda mfupa umevunjika vipande na uti wa mgongo nao umeumia. Mwenye kisukari ambaye wayo umevimba na una joto asidanganyike kwa kutosikia maumivu. Maumivu yanayoambatana na homa, hasa kwa mtoto mwenye selimundu, huweza kuwa maambukizi ya mfupa.

Habari njema ni kwamba ufa wa kisigino huwa karibu kila mara unapona bila upasuaji, kwa sababu mfupa wa sifongo una damu nyingi. Kinachohitajika ni muda, kwa kawaida wiki 6 hadi 8 za kuupunguzia mguu mzigo. Kipimo cha mzigo ni kuchechemea: ikiwa unachechemea, tumia magongo mawili au buti maalumu la kutembelea mpaka uweze kutembea bila maumivu. Uzito ubebwe na mikono, wala si makwapa, maana magongo yanayokandamiza makwapa huumiza mishipa ya fahamu. Ukipanda ngazi tanguliza mguu mzima. Ukishuka tanguliza magongo pamoja na mguu unaouma. Shavu la mguu likivimba na kuuma katika kipindi hiki, au pumzi ikibana, nenda hospitali bila kuchelewa, kwani damu huenda imeganda katika mshipa.

Kwa maumivu, parasetamoli kwa kipimo sahihi hutosha kwa wengi. Diklofenaki na jamaa zake huweza kukuficha maumivu unayoyahitaji ili ujue umevuka mpaka, na wapo madaktari wanaohofia kwamba hupunguza kasi ya mfupa kujiunga. Usikubali sindano ya steroidi kisiginoni kabla haijathibitishwa kwamba hakuna ufa. Kuchua na kuvuta kwa nguvu msuli wa shavu la mguu viachwe pia katika wiki za mwanzo, kwa sababu kano ya msuli huo imejishikiza kwenye mfupa huo huo unaojaribu kujiunga.

Mfupa hujengwa kwa chakula. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao, maziwa, mtindi, maharage na mayai ni vyakula ambavyo nyumba nyingi zaweza kuvipata, na mtu asiyepigwa na jua, kama vile afanyaye kazi usiku, amuulize daktari juu ya vitamini D. Huu si wakati wa kujipunguza mwili.

Anayetaka kulinda pumzi yake anaweza kuogelea, na baadaye kuendesha baiskeli, mradi kisigino kisiume. Kukimbia kusubiri mpaka mambo matatu yatimie: kisigino hakiumi kikibanwa, unatembea haraka dakika 30 bila maumivu, na unaweza kuinuka kwa vidole vya mguu huo mmoja mara kadhaa bila shida. Anza kwenye udongo au nyasi, ukiwa na viatu ambavyo soli zake hazijabonyea, kwa kukimbia dakika 1 na kutembea dakika 4, mara tano, siku moja ndiyo na siku moja hapana. Ongeza muda wa kukimbia kidogo kila wiki, na usiguse kasi wala milima mpaka umeweza kukimbia dakika 30 mfululizo. Kila asubuhi inayofuata mazoezi, kibane tena kisigino kwa viganja viwili kabla hujashuka kitandani. Kikiuma, pumzika mpaka maumivu yaishe kabisa, kisha uanze tena kwa hatua iliyotangulia ile iliyokuumiza.