Umeme ulikatika, au kuna mtu kafuta logi?

Ofisi nyingi za hapa Arusha, iwe kampuni ya utalii Njiro au duka la karibu na Mnara wa Saa, zikikuta pengo kwenye logi za seva, yaani kumbukumbu za matukio ambazo mashine huandika yenyewe, husema umeme ulikatika. Mara nyingi ni kweli, na mvamizi analijua hilo.

Hatua ya 1: Anza na alama za wazi. Fungua Event Viewer, programu ya Windows ya kusoma logi. Logi ya Security ikifutwa, Windows yenyewe huandika tukio 1102 na jina la akaunti iliyofuta. Kwa logi nyingine, tafuta tukio 104 ndani ya logi ya System. Kirusi cha NotPetya, mwaka 2017, kilifuta logi kwa wevtutil, programu halali ya Windows, kwa hiyo antivirusi kukaa kimya si dalili ya usalama.

Hatua ya 2: Lichunguze pengo. Hapa usiwe na haraka. Umeme ukikatika ghafla, mashine ikiwaka tena System huandika 6008, na kwa kawaida 41 ya Kernel-Power (jina la chanzo cha tukio). Ikizimwa kwa utaratibu utaona 1074 na 6006. Inayonitia shaka ni hii: 6005 ipo, maana yake huduma ya logi imeanza, lakini karibu yake hakuna 12 ya Kernel-General inayoonyesha Windows kuwaka. Mashine haikuzimika, ni huduma tu iliyosimamishwa. Hapo habari za umeme usizikubali, hata mlinzi aape kwamba jenereta liliunguruma usiku kucha.

Kagua pia EventRecordID, namba ya mfululizo ya kila tukio kwenye logi. Namba hupanda moja moja. Ukiona 5210 kisha 5212, huenda tukio limenyofolewa.

Hatua ya 3: Ongeza ukubwa. Logi ya Security kwa kawaida huja na MB 20 tu. Ikijaa, matukio ya zamani hufutika yenyewe, na mvamizi anaweza kuijaza makusudi.

Hatua ya 4: Hamisha nakala za logi papo hapo kwenda mashine nyingine. Kwenye mashine ya kupokea endesha `wecutil qc`, kwenye zinazotuma `winrm quickconfig`, kisha, kwenye ya kupokea, tengeneza usajili (subscription) unaosema matukio yapi yaletwe. Kwenye mashine zinazotuma, wengi husahau kuiingiza akaunti ya NETWORK SERVICE kwenye kundi la Event Log Readers, lenye ruhusa ya kusoma logi, halafu wanashangaa Security haifiki. Nywila ya msimamizi wa mashine ya kupokea isifanane na ya seva nyingine.

Mwisho, futa logi ya Security kwenye kompyuta ya majaribio inayotuma nakala. Kama 1102 haijafika upande wa pili, rudi kwenye usajili.