Somo: Kuitambua hothoni, kuanzia mwiba hadi kokwa

Mwezi huu wa Mei, nyua za mashamba huku Uingereza zimegeuka nyeupe. Hiyo ndiyo hothoni (hawthorn), mti mdogo wa miiba. Kwa Kiingereza cha kale jina lake ni "mwiba wa ua", yaani ua la kuzungushia shamba, si la kunusa, ingawa mti huu una yote mawili. Na la kunusa usilikimbilie: lina harufu ya samaki aliyelala.

Hatua ya 1: Kipi kimetangulia? Maua yakitoka Machi kwenye matawi matupu, huo ni Prunus spinosa, mti mwingine wa miiba unaofanana nao. Hothoni hutanguliza majani. Wengi hupotea hapa hapa.

Hatua ya 2: Mwiba. Wa waridi hubanduka na ganda. Wa hothoni ni kitawi kilichochongoka, hutokea kwapani mwa jani.

Hatua ya 3: Spishi. Za asili ni mbili. Jani la Crataegus monogyna limekatika sana, kupita nusu ya njia kuelekea mshipa wa kati, la C. laevigata mikato yake ni mifupi. Lakini mimi jani peke yake siliamini. Chukua ua, lina petali tano, kisha hesabu stili, vile vijiti vya sehemu ya kike vilivyo katikati. Moja ni monogyna. Mbili au tatu, laevigata.

Hatua ya 4: Maua yamekupita? Subiri Septemba, pasua tunda jekundu. Kokwa moja, au mbili tatu, hesabu ni ileile. Tazama na kitako chake: kina mabaki ya sepali, vijani vilivyofunika tumba la ua, kama tufaa. Ni dalili ya ujamaa wake na tufaa: wote ni wa familia ya waridi, Rosaceae.

MASWALI

Mwalimu, kichaka kimoja, ua hili stili moja, la jirani mbili. Nimekosea?
Hujakosea, ndugu yangu. Hizi mbili zikikutana huzaana, na chotara wao ni Crataegus × media. Hesabu maua kumi ya matawi tofauti, uandike yote bila kuchagua.

Shikamoo mwalimu. Wangu maua ni mekundu, petali zimejazana.
Marahaba. Huo ni wa bustanini. Petali zilizozidi kwa kawaida ni stameni, sehemu za kiume za ua, zilizogeuka. Usiuandike kwenye orodha ya miti ya asili.

Tunda linaliwa?
Linaliwa, ila ni la unga unga; wenyeji hulipikia jeli. Kokwa usizitafune.