Kutoka na boti ya injini bahari kuu: anza na hesabu ya kurudi

Gawa mafuta mafungu matatu: la kwenda, la kurudi na la akiba. Tangi la lita 120, kwa injini inayokunywa lita 30 kwa saa, lina lita 40 za kwendea, yaani dakika 80 tu. Upepo ukikaza mawimbi hula mafuta, basi geuza kwa kuhesabu lita, hata kama hujafika.

Injini ya petroli iliyo ndani ya boti, washa kwanza feni ya ngama, yaani uvungu wa ndani chini ya boti, kwa dakika 4 hivi, kisha nusa. Harufu ya petroli ikiwapo, usiwashe. Injini ya nje ikishawaka, tazama kichirizi cha maji pembeni yake. Kisipotoka, zima, maana haipoi. Na injini nyingi zinazofia baharini si mbovu: mawimbi yamekoroga taka na maji yaliyolala chini ya tangi, filta ikaziba. Beba filta ya akiba na spana yake.

Kila mtu avae jaketi okozi kabla ya kung'oa nanga. Nahodha ajifunge kamba ya kuzimia injini. Akitupwa nje bila hiyo, boti huweza kuzunguka na kumrudia na propela yake.

Penye hatari hasa ni mlangoni, mto unapokutana na bahari. Maji yakikupwa huku upepo ukivuma kutoka baharini, mawimbi husimama wima na kukaribiana, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, huzidi. Panga kurudi maji yakijaa. Ukiingia, kaa mgongoni mwa wimbi moja uende nalo. Ukilipita, omo, yaani mbele ya boti, huchimba maji, tezi, yaani nyuma yake, hunyanyuliwa, boti hulala ubavu na kupinduka. Mawimbi yakitoka mbele, punguza mwendo, yakate kwa mshazari.

Injini ikizima karibu na miamba, tupa nanga upesi. Kina cha mita 6 kinataka kamba ya mita 42, ifungwe omo. Ukiifunga tezi, mawimbi huingia kwa nyuma.

Redio ya VHF, ya kuwasiliana baharini, iwe chaneli 16. Hatari ikiwa ya kufa, tamka "Mayday" mara 3, taja boti, mahali ulipo, shida na idadi ya watu.

Mwachie mtu wa nchi kavu njia yako, saa ya kurudi, na saa ya kuita msaada asipokuona. Ukifika mjulishe, usije ukatafutwa baharini nawe uko mezani.