Mjini Moshi, mlima ndio dira yako

Ukiwa mgeni Moshi na mitaa imekuchanganya, simama uutazame Mlima Kilimanjaro: uko kaskazini mwa mji. Ukiuelekea, mkono wa kulia ni njia ya Himo na Marangu, wa kushoto ni ya Arusha. Mbele yako, juu, ndiko hospitali ya KCMC na barabara kuu ya Arusha–Himo. Nyuma yako unashuka kwenda Pasua na mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC. Mlima una vilele viwili vinavyoonekana: Kibo (mita 5,895) ndicho kile cheupe cha mviringo, Mawenzi (mita 5,149) ndicho cha miamba iliyochongoka, na kutoka mjini Mawenzi huwa kuliani kwa Kibo.

Shida ni mawingu. Mara nyingi mlima huonekana vizuri alfajiri na jioni kabla jua halijazama, mchana unafunikwa. Hapo tumia ardhi yenyewe: mji wote umelala kwenye mteremko wa mlima, na mito kama Karanga na Rau inatiririka kuelekea kusini. Miguu ikihisi kupanda, unakwenda kaskazini. Katikati ya mji, karibu na mnara wa saa, mteremko ni mdogo, kwa hiyo tembea kidogo kabla ya kuamua.

Ukishapanda vijijini hesabu hii inabadilika. Ukiwa Marangu mlima uko kaskazini-magharibi, ukiwa Machame mlima uko kaskazini-mashariki, kwa hiyo usiende na dira ya mjini huko. Waulize wenyeji, watakuelekeza vizuri.