Somo: Tambi za Japani kwa sisi tusioweza kula ngano

Habari zenu wapendwa. Wengi mmeniuliza niliishije miaka miwili ya masomo Nagano, mimi mwenye seliaki (ugonjwa ambao gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, huudhuru utumbo), katika nchi ambayo kila kona kuna mtu ameinamia bakuli la tambi. Leo nimekaa kitako niwaandikie ninayoyajua. Someni hata kama safari bado iko mbali, maana mengine huandaliwa nyumbani.

Naanza na kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifundisha. Wiki ya pili tangu nifike niliingia mgahawa mdogo nikauliza kama soba yao, tambi za nafaka yenye jina hilohilo, ina ngano. Mzee mwenye mgahawa akanihakikishia kwamba humo hamna hata punje, unga anasaga mwenyewe. Na alisema kweli. Nikala nikashiba. Usiku tumbo likanikata, nikalala kitandani siku tatu. Sikuelewa kilichonipata mpaka mwenzangu wa bwenini aliponipa chupa ya soya sosi na kuniambia nisome nyuma yake. Ngano ilikuwa kwenye mchuzi wa kuchovyea, nami nilikuwa nimeulizia tambi tu.

Kwa hiyo ukiwa Japani uliza mambo matatu kila mara: tambi, mchuzi na sufuria. Somo lote limejengwa juu ya hayo.

Hatua ya 1: Zijue za kuacha bila kuuliza

Udon, ramen, somen, hiyamugi na kishimen zote ni ngano. Tambi nyingi za kikombe za dukani vilevile. Mtego mkubwa ni yakisoba na soba ya Okinawa: zina jina la soba, lakini ni ngano tupu. Usidanganyike na jina.

Kuna migahawa ya ramen inayokubali kukubadilishia tambi za kawaida kwa za mchele au za konyaku, aina ya kiazi. Msifurahi haraka. Ladha ya ramen hutoka kwenye kikolezo kinachowekwa chini ya bakuli, na mara nyingi hicho kina soya sosi, hata kwenye ramen inayoitwa ya chumvi.

Hatua ya 2: Itafute soba ya kweli

Soba ni jina la mmea kabla ya kuwa jina la tambi. Mbegu zake ni ndogo, zina pembe tatu, na mmea wenyewe hauna undugu na ngano. Tatizo ni kwamba unga wake haushikamani vizuri. Ukiukanda peke yake unapasuka, ndiyo maana wapishi wengi huuchanganya na ngano. Mchanganyiko maarufu unaitwa nihachi, yaani mbili na nane: sehemu 2 za ngano kwa 8 za soba. Kwenye vibanda vya stesheni, watu wanakokula wamesimama wakisubiri treni, ngano inaweza kuzidi hata soba yenyewe.

Unayoitaka wewe inaitwa juwari, sehemu 10 kati ya 10. Huandikwa 十割. Hifadhi maandishi hayo kwenye simu, uyatafute kwenye ramani na kwenye vibao vya milangoni. Nagano ni nyumbani kwa soba na utayaona mara kwa mara. Izumo, kule mkoa wa Shimane, nako wana soba nyeusi kidogo, kwa sababu mbegu husagwa na maganda yake. Katika bonde la Iya, Tokushima, soba ya kienyeji hupikwa bila cha kuishikisha, kwa hiyo inakuwa nene na hukatika vipande vifupi. Mimi naipenda kuliko zote, ina harufu ya shamba. Lakini jina la mahali si dhamana, lazima uulize kila mgahawa.

Kisha uliza kuhusu sufuria. Mgahawa ukiuza soba na udon pamoja, huenda zote zinachemshwa kwenye maji yaleyale. Sema: *Udon mo onaji nabe de yudemasu ka?* Maana yake, je, udon nayo mnaichemsha sufuria hiyohiyo? Wakisema ndiyo, aga kwa heshima. Kumbukeni pia sobayu, yale maji meupe ya moto yanayoletwa mwisho wa chakula uyanywe. Hayo ndiyo maji ya sufuria yenyewe.

Nanyi wapenzi wa tempura, yaani mboga na samaki waliopakwa unga wakakaangwa, naomba muiache. Unga wa kupakia ni wa ngano.

Hatua ya 3: Mchuzi

Soya sosi ya kawaida ya Japani, shoyu, hutengenezwa kwa soya na ngano kwa vipimo vinavyokaribiana. Ile ya rangi hafifu inayopendwa Kyoto na Osaka nayo ina ngano. Sasa fikirini: mchuzi wa soba ni shoyu, mchuzi wa moto wa tambi ni shoyu, na ponzu ya kuchovyea nyama ni shoyu yenye limau.

Kuna njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kubeba tamari yako. Tamari ni soya sosi inayotengenezwa kwa soya karibu peke yake, ingawa baadhi ya viwanda hutia ngano kidogo, kwa hiyo soma chupa kabla ya kununua. Mgahawani omba ruhusa kwanza: *Jibun no shoyu o tsukatte mo ii desu ka?* Naweza kutumia soya sosi yangu?

Ya pili ndiyo ninayotaka muikumbuke hata mkisahau mengine yote. Kula soba baridi kwa chumvi. Sema *Shio de tabetai desu*, nataka kula kwa chumvi. Hakuna atakayekushangaa. Wajuzi wa soba huonja tambi za kwanza kwa chumvi tu, ili wapate utamu wa nafaka yenyewe kabla mchuzi haujaifunika. Mara ya kwanza nilipoomba, mpishi alitoka jikoni kuja kuniona, akaniletea chumvi ya aina mbili na wasabi aliyoikwangua mbele yangu. Nilikuja kama mgonjwa, nikahudumiwa kama mjuzi. Siku hiyo nililia kidogo mezani, kwa furaha.

Hatua ya 4: Andika kadi

Matamshi yetu yanaweza kupotosha, na huko wengi hawajawahi kusikia seliaki. Mzio wa ngano wanaujua. Nakilini maneno haya kwenye karatasi ngumu:

小麦・大麦・ライ麦が食べられません。普通の醤油にも小麦が入っているので食べられません。同じ鍋や油も使えません。

Yanasema: Siwezi kula ngano, shayiri wala rai. Soya sosi ya kawaida pia ina ngano, kwa hiyo siwezi kuila. Sufuria au mafuta yaliyopikia vitu hivyo pia hayanifai.

Sentensi ya pili ndiyo muhimu, kwani mhudumu anaweza kukwambia kwa nia njema kabisa kwamba hakuna ngano, akiwa hajaifikiria shoyu. Itoe kadi kabla ya kukaa, na usiende saa sita mchana wakati foleni imefika barabarani. Wakikukatalia usikasirike. Anayekwambia kwamba hawezi kukuhakikishia amekulinda.

Hatua ya 5: Dukani

Sheria ya Japani inalazimisha ngano itajwe kwenye vyakula vilivyofungashwa. Tafuta 小麦. Mara nyingi utaikuta mwisho wa orodha ya viungo, ndani ya mabano. Mgahawa haubanwi na sheria hiyo, ila migahawa mingi mikubwa ina jedwali la vizio, yaani vyakula viletavyo mzio, liulizie.

Angalizo: shayiri haimo kwenye orodha hiyo ya lazima. Tafuta mwenyewe 大麦, na 麦芽 ambayo ni kimea cha shayiri. Na ile chai baridi ya kahawia wanayokumiminia bure mezani mara nyingi ni mugicha, chai ya shayiri. Omba maji.

Hatua ya 6: Tambi ambazo watu huzisahau

Harusame ni tambi angavu za wanga wa viazi au choroko. Biifun ni za mchele. Shirataki ni za konyaku, kile kiazi. Zote hununuliwa kavu au kwenye maji, unapika mwenyewe na tamari yako. Usinunue pakiti zenye kikolezo ndani. Tokoroten hutokana na mwani, ingawa si aina tunayolima Zanzibar, na Tokyo huletwa na siki yenye shoyu, kwa hiyo omba bila mchuzi. Ukiwa Kyoto tafuta kuzukiri, tambi baridi za wanga wa mzizi wa kuzu, zinazoliwa na asali nyeusi ya sukari. Ni kitindamlo, lakini kwa mtu aliyekosa tambi wiki nzima ni sherehe.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanachama wa Mombasa: Dada, nasikia shoyu ikishachachuka ngano inakuwa imeisha. Kuna ukweli?*

Uchachu huvunjavunja protini za ngano, hilo ni kweli. Ila vipande vinaweza kubaki, na vipimo vya kawaida havivisomi vizuri kwenye vyakula vilivyochachuka. Sisi wenye seliaki tunashauriwa tuiache. Mwenye mzio wa ngano aongee na daktari wake, kwani hayo ni magonjwa mawili tofauti.

*Mwanachama wa Muscat: Assalaam alaykum. Mimi natafuta bila ngano na halali pia. Nitakula nini huko?*

Waalaykum salaam ndugu yangu. Mchuzi wa soba kwa kawaida una mirin, na wakati mwingine sake, vyote vina pombe. Baadhi ya shoyu pia hutiwa pombe ili isiharibike. Ramen nyingi ni supu ya nguruwe. Soba ya juwari kwa chumvi inakuondolea yote kwa mpigo mmoja. Kwenye kadi yako ongeza nguruwe na pombe.

*Mwanachama wa Dodoma: Mwanangu wa miaka 6 ana mzio wa ngano. Soba hajawahi kuila. Nimpe tukifika?*

Hapana mama, usimwonjeshee ugenini. Soba yenyewe huwaletea baadhi ya watu mzio mkali sana, wa kubana pumzi, ndiyo maana huko Japani soba nayo imo kwenye orodha ya lazima pamoja na ngano. Muone daktari wake kabla ya safari. Mkiwa huko mpikie harusame au biifun.

*Mwanachama wa Toronto: Nina siku tatu tu Tokyo na roho inataka ramen. Niende wapi?*

Roppongi kuna Gluten Free T's Kitchen, ambao jiko lao lote ni la bila gluteni na ramen wanayo. Thibitisha kwanza saa zao, na kama bado wapo, maana migahawa ya Tokyo hubadilika.

*Mwanachama wa Kigali: Supu ya miso je?*

Miso ni rojo la soya iliyochachushwa. Ya mchele au ya soya tupu huwa salama ukisoma pakiti. Ile inayoitwa mugi, inayopendwa sana Kyushu, ni ya shayiri. Mgahawani muulize mpishi anatumia ipi, na kama ametia shoyu.

*Mwanachama wa Arusha: Hiyo tamari napanda nayo ndege?*

Chupa isiyozidi mililita 100 inapita kwenye begi la mkononi. Kubwa iweke kwenye sanduku, ndani ya mifuko miwili ya nailoni, katikati ya nguo nyeusi. Ikikuishia, maduka makubwa ya Japani huwa nayo kwenye rafu ya shoyu. Simama hapo na kadi yako, usome nyuma ya kila chupa taratibu mpaka uipate isiyo na 小麦.